Mombasa kutoka futi elfu moja: shajara ya mandhari ya HKMO

11 Januari 2025

Jana usiku nimetua Mombasa (uwanja wa ndege ambao marubani huuandika HKMO) kwa mara ya kwanza ndani ya X-Plane 12, simuleta ya kurusha ndege kwenye kompyuta, nikajikuta Ulaya. Njia ya kurukia ya 03/21 (03 ukitua kuelekea kaskazini-mashariki, 21 ukija kutoka upande wa pili) ipo mahali pake, mita zake 3,350 zimetimia, lakini Changamwe nzima imejengwa nyumba za paa mwinuko la vigae vyekundu, na juu ya paa bomba la kutolea moshi wa moto wa kuota. Changamwe! Mwezi wa Januari, ambapo hata feni ikizunguka usiku kucha mtu analala kifua wazi. Sidhani simuleta ina nia mbaya. Palipo na data haba hujaza kwa kilichomo stoo, na stoo yake imejazwa na watu wa kwingine.

Basi nimeanza kuijenga upya. Mashine ni ya mtumba, kadi yake ya grafiki ina kumbukumbu ya GB 6, na hiyo ndiyo itakayoniamulia mengi. Sharti nimejiwekea moja tu: kila kitu kitapimwa kutoka kiti cha rubani anayetua. Hakuna kupima kwa kamera inayoelea popote inapotaka. Mteremko wa kawaida wa kutua ni digrii 3, yaani kama futi 300 kwa kila maili ya baharini, kwa hiyo ukibakisha maili tatu uko futi elfu moja hivi juu ya njia. Kutoka huko huoni kitasa cha mlango wala bango la duka. Unaona paa, maji, miti na udongo.

18 Januari

Hesabu kwanza. Simuleta huigawa dunia vigae vya digrii moja kwa moja, nasi tuko kwenye kigae -05+039. Picha ya ardhi ya kiwango cha ukaribu cha 17 hufunika kama mita 1.2 kwa pikseli moja. Ya kiwango cha 18, sentimita 60. Kila ukipanda ngazi moja, idadi ya picha huzidi mara nne. Ngozi moja (ndivyo ninavyoziita picha zinazovishwa ardhi na majengo) ya pikseli 4,096 kwa 4,096, hata ikishabanwa, hula karibu MB 11 pamoja na nakala zake ndogondogo za kutazamwa kwa mbali. Eneo la kilomita 20 kwa 20 tu kuzunguka kisiwa, kwa kiwango cha 18, ni ngozi zipatazo 67. Hizo ni MB 700 na ushei, na sijaweka hata kibanda cha kuuzia madafu.

Lakini kilichonikata kauli ni ruhusa. Picha kali za kampuni za ramani huwezi kuzigawa. Ukizitengenezea mandhari, ibaki kwako mwenyewe. Nami nataka mtu yeyote aipakue. Kwa hiyo natumia picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya ambazo data yake ni bure hata kuisambaza mradi utaje chanzo, pamoja na majengo na barabara za ramani huria ya OpenStreetMap. Ubaya wake ni kwamba pikseli ya Sentinel-2 ni mita 10. Nyumba nzima ya Kisauni ni pikseli moja, ikibahatika mbili. Rangi nitazipata huko, ukali nitautengeneza kwa mkono.

2 Februari

Miinuko. Data niliyonayo inatokana na rada iliyobebwa na chombo cha anga Endeavour, Februari 2000, safari ya siku 11. Kwa kazi ya siku 11 ni ajabu, ila ina mambo mawili. La kwanza, mwaka 2000 hapakuwa na reli ya SGR wala madaraja ya Dongo Kundu, kwa hiyo tuta la reli linalopita Miritini nimelijaza mwenyewe. La pili limenichekesha: rada ile iligonga vichwa vya mikoko ikadhani ni ardhi. Hori ya Port Reitz na ya Mwache zikatoka na kingo zilizosimama wima kama bwawa la kuogelea. Nimezikata zote nikazilaza usawa wa maji, halafu nikapanda mikoko juu yake: miti mifupi, iliyobanana, kijani kizito kinachokaribia weusi. Imenichukua Jumapili nzima, na ukitua 03 ndicho kitu cha mwisho kupita chini ya magurudumu kabla ya nchi kavu.

15 Februari

Leo amekuja ami. Ni mstaafu wa bandarini, ameendesha winchi miaka na miaka, na kompyuta kwake ni kitu cha vijana kupotezea macho. Nimemwamkia shikamoo, nikampa kiti, nikamwonyesha nilivyofika. Akaiangalia ile bahari kwa muda.

"Maji haya yamejaa tangu lini?"

"Ndivyo yalivyo, ami. Hayapandi wala hayashuki."

"Bahari isiyokupwa? Basi hiyo birika, mwanangu."

Nikamweleza shida iliyokuwa inanisumbua wiki nzima. Nimepakua picha kumi na mbili za setilaiti za pwani hii. Nne zimefunikwa mawingu, za kutupa. Nane zilizobaki, kila moja ina bahari yake. Kwenye moja mwamba wote wa Nyali uko nje, mchanga mweupe, majani ya bahari yamelala. Kwenye nyingine ni buluu moja kutoka ufukweni hadi kina kirefu. Nikiziunga, mstari wa kiungo unaonekana kama kanzu iliyotiwa kiraka. Na setilaiti inapita saa ile ile kila mara, kama saa nne na nusu asubuhi kwa saa ya jua. Ikiwa saa ni ile ile, kwa nini maji si yale yale?

Ami hakufikiri hata kidogo. "Bamvua maji hupwa saa nne, saa tano asubuhi. Maji mafu, saa hizo ndiyo yamejaa, tena hayajai sana. Mama zenu waliokuwa wakienda pweza wote wanalijua hilo. Wewe angalia mwezi."

Nikafungua kalenda ya mwezi pale pale mbele yake. Picha zenye mwamba wazi zote zimeangukia siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwezi kuandama. Za bahari iliyofunikwa zote ni za mwezi nusu. Wiki moja nimezunguka kwenye mipangilio ya rangi nikidhani kosa ni la programu, na jibu lilikuwa limekaa baraza ya jirani.

Kwa hiyo sasa nina seti mbili, na mpakuaji atachagua: Mombasa ya kupwa, iliyotokana na picha za bamvua, na Mombasa ya kujaa, iliyotokana na za maji mafu. Simuleta yenyewe haina habari ya maji kupanda wala kushuka, kwa hiyo hakuna namna ya kuyafanya yatembee. Nayachora yaliyosimama. Tofauti ya maji siku za bamvua hapa kwetu hupita mita tatu, na kutoka angani hizo mita tatu zinabadilisha umbo la pwani nzima: ufuko wa kupwa una upana usiouona kabisa kwenye ule wa kujaa.

Kazi ya rangi imekuwa tamu kuliko nilivyotarajia. Kutoka nchi kavu kwenda nje unapata mchanga, halafu kijani cha kahawia cha majani ya bahari, halafu mstari wa povu kwenye mwamba, halafu ghafla buluu nzito bila daraja la katikati. Na kwenye mlango wa Kilindini huo weusi unaingia mpaka ndani. Mwenye kuutia jina alishatueleza: ni kwenye kilindi. Mimi nilikuwa nimeupaka zumaridi kama pwani ya kadi za posta.

6 Machi

Ramadhani. Nafanya kazi baada ya tarawehe mpaka daku, nyumba imetulia na kichwa kimetulia.

Mabati. Hili ndilo nililoliogopa, kwa sababu Mombasa ukiitazama kutoka juu ni mji wa mabati, na bati ni kitu kigumu kukiigiza. Kwenye simuleta hii faili moja hubeba sifa za uso: chaneli nyekundu na kijani husema matuta na mabonde yameelekea wapi, buluu husema kama kitu ni metali au si metali, na chaneli ya nne husema kinang'aa kiasi gani. Nikapiga picha mabati kwa simu kutoka juu ya paa la nyumba yetu, mapya na makuukuu, nikayasafisha, nikayatia metali kamili. Bati si chuma? Nikaruka.

Kisauni yote ikawa sinia za shaba. Zimesuguliwa, zinamulika, kama kwamba kila nyumba inaoza binti yake siku hiyo.

Nikakaa nayo usiku wa pili ndipo nikaelewa. Bati jipya ni metali, linarudisha rangi ya mbingu. Lakini kutu si metali tena. Ni oksidi, imekufa, inanywa mwanga kama udongo. Ukiipa simuleta rangi ya kahawia na kuiambia ni metali, itakupa shaba, nayo itakuwa imekutii. Kwa hiyo nimechora kutu kwa kutu: kila palipo na kahawia, buluu imekuwa sifuri. Mistari ya kutu inaanzia kwenye misumari na kwenye maungo ya bati na bati, inateremka na maji. Nilimuuliza fundi mmoja wa Kongowea ni bati lipi hufa mwanzo, akanijibu bila kuinua macho: la karibu na bahari, chumvi inalila. Nimelifuata neno lake. Kuanzia Nyali kurudi Miritini kutu inapungua kidogokidogo, na nikienda Mazeras paa nyingi zinang'aa. Hakuna rubani atakayelitambua hilo, lakini mimi nalitambua.

Kisha likaja la pili. Kutoka tuta moja la bati hadi jingine ni milimita 76. Ukitaka kulionyesha, kila tuta linahitaji pikseli mbili angalau. Ukisogea mbali, matuta yanakuwa membamba kuliko pikseli ya kioo chako, na paa zinaanza kumetameta kama dagaa wavuni, kila ndege ikitikisika. Simuleta hulitatua kwa zile nakala ndogondogo: kitu kikiwa mbali huvishwa nakala iliyopoozwa. Lakini nakala inapopoozwa, matuta yanafutika, uso unakuwa bapa, na bati bapa ni kioo. Paa za mbali zikageuka vioo vinavyorusha jua kama mtu anayekuita kwa ishara. Paa za kweli hazifanyi hivyo. Kwa kuwa na matuta, zinatawanya mwanga, na mng'aro wake ni mpana na hafifu. Nimekwenda kwenye nakala ndogo moja baada ya nyingine nikapunguza kung'aa kwa mkono, nikipunguza zaidi kila nakala inavyozidi kuwa ndogo. Usiku tatu. Kumetameta kumekwisha. Kati ya yote niliyofanya mpaka leo, hili ndilo lililoigeuza picha ikawa mahali.

10 Machi

Leo kama saa sita na nusu mchana jua limepita utosini kabisa. Nimesimamisha fimbo uani, kivuli chake kikaisha. Tuko digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo hutokea mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Nimeingia ndani, nikaweka tarehe na saa ile ile kwenye simuleta: minazi haina vivuli. Safi.

Nikaisogeza saa mpaka kumi na moja jioni, nikakuta ghorofa za mjini zina vivuli viwili. Kimoja cha simuleta, kinakwenda mashariki inavyopaswa. Cha pili kimebaki ndani ya picha ya setilaiti, kimelala magharibi tangu asubuhi ya siku iliyopigwa. Vivuli vya ghorofa nimevifuta kwa brashi. Vya miembe nimeviacha. Mti utasimama juu yake na kukificha.

22 Machi

Siku mbaya. Nimevunja sharti langu.

Wiki mbili nimekuwa nikijenga Fort Jesus. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali, kichwa baharini. Nani angeweza kuipita hiyo? Nikachora kuta, nikachora nyufa za mawe ya matumbawe, nikachora mpaka mizinga. Pembetatu 48,000, maana kila umbo kwenye simuleta hujengwa kwa pembetatu. Fremu zangu, yaani picha inazochora kompyuta, zikaanguka mpaka 19 kwa sekunde nikikatiza juu ya Mji wa Kale, na chini ya 30 huwezi kutua kwa raha, ndege inakuwa kama inavuta miguu kwenye matope.

Halafu nikakaa kiti cha rubani, nikatua 03 kama nilivyoapa Januari. Ngome iko kilomita kama tisa mashariki ya njia. Haionekani. Labda kiwaa fulani kama ukijua pa kutazama.

Nimeipunguza mpaka pembetatu 2,100, nyufa zote nikazihamishia kwenye ramani ya matuta na mabonde badala ya kuzichonga. Fremu zimerudi 31. Na nilipokuwa natoa faili la mwisho stima ikapotea, nikafanya saa nne za mwisho upya. Nilistahili.

12 Aprili

Idi imepita, kusi imeingia, na uwanja umegeuka: sasa wanatua 21, wanakuja kutoka upande wa Jomvu. Nami nimegeuka nao. Maana yake mikoko niliyoisumbukia Februari iko mbele ya pua wakati wa kuondoka, na mbele yangu wakati wa kutua ni mabati matupu. Vizuri nilianza nayo.

Nimemaliza njia ya kurukia. Lami ya simuleta ilikuwa mpya kama imemwagwa jana, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikinidanganya urefu. Jicho linapotua hushika alama: kwenye njia ndefu namna hii mistari mipana ya kulengea huwa mita 400 kutoka mwanzo wa njia, na kuizunguka ndiko matairi yanakoacha mpira. Nimechora michirizi hiyo, mizito katikati, ikififia kadiri unavyoelekea kati ya njia. Picha moja tu, ndogo. Tangu niiweke, ninajua niko juu kiasi gani kabla ya kutazama taa nne za pembeni zinazonihukumu kwa nyekundu na nyeupe.

Jingine ni hewa. Tangu mwanzo mji wangu ulikuwa na rangi ya maziwa, nikadhani ndiyo joto la pwani, tena nikajisifu. Kumbe nilipakua aina ya picha za Sentinel-2 iliyopigwa pamoja na hewa yote iliyo kati ya setilaiti na ardhi, na juu yake simuleta inaongeza hewa yake. Mombasa ikavaa shela mbili. Nimepakua upya ile iliyosafishwa, ngazi ya 2A, nikaitia giza kidogo kwa sababu simuleta ina jua lake na haihitaji la picha. Sasa karibu ni kukali, na ukungu unaanzia mbali, upande wa Shimba Hills, palipo pake.

3 Mei

Mvua tangu alfajiri. Ami amekuja kukagua, ndivyo alivyosema mwenyewe. Nimemweka kwenye usukani, nikashika mimi kasi na mabawa. Nimechagua kaskazi ili tutue 03, bahari ya kupwa, saa kumi na moja jioni.

Tumetokea juu ya Mwache. Hakusema kitu kwenye mikoko. Kwenye mabati akasema "Ehe," nami nikaipokea kama cheti. Maji yamekupwa, kingo za matope zimetoka, akazitazama akatikisa kichwa taratibu. Tukibakisha maili mbili akaachia usukani kabisa, akanyoosha kidole kulia, Kipevu. Winchi zangu saba. Nimezijenga kutokana na picha, zimesimama vizuri, mikono juu, na chini yake nimeweka meli ya makontena kupendezesha gati.

"Meli ipo gatini?"

"Ipo, ami."

"Na mikono yote imeinuliwa."

"Ndiyo."

"Sasa nani anapakua? Mkono hauinuliwi meli ikiwa kazini, huinuliwa meli ikija na ikiondoka. Watu wako wote wamekwenda kunywa chai?"

Ndege ikapiga chini mbele ya mistari ya kulengea, ikaruka, ikapiga tena. Hakuona, bado alikuwa anazitazama winchi. Nimefungua Blender, programu ninayochongea maumbo, ami amevuta kiti, ananionyesha kwa kiganja mkono unalalia wapi.